Mwanamke Aliyeuawa Mara Mbili Kila Alhamisi

Vinka Bezmalin aliuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa bandari yetu ya San Pedro, na kila alipouawa alirudi nyumbani na njaa. Alinyongwa, alichomwa kisu, alisukumwa kutoka juu ya mnara, alizikwa hai akiwa na gauni la harusi, na safari moja aliraruliwa na mbwa mwitu ambaye kwa kweli alikuwa mzee mmoja mnene mwenye pumu. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kila Alhamisi alipanda treni ya umeme hadi Hollywood, akafa, akala mkate wa nyama, akafa tena, akarudi kwao.

Kufa mara mbili kulikuwa kosa la jua. Miaka ile mchezo wa redio ulikwenda hewani moja kwa moja, waigizaji wamesimama mbele ya maikrofoni na karatasi mikononi, na lililotoka mdomoni limetoka. Na kwa kuwa New York hututangulia kwa saa tatu, mchezo uliigizwa kwanza jua likiwa bado juu, kwa ajili ya watu wa mashariki ambao kwao giza lilikuwa limeshaingia. Kisha waigizaji walikwenda kula, wakarudi kuuigiza upya neno kwa neno kwa ajili yetu sisi wa magharibi. Kwa hiyo mauaji ya kwanza yalifanyika nje kukiwa kweupe, watoto wakiendesha baiskeli na mwuza aiskrimu akipiga kengele yake.

Mchezo uliitwa "Nyayo Nyuma Yako", ukidhaminiwa na kampuni moja ya kahawa, na nyota wake alikuwa Bi Marguerite Ashdown. Huyu bibi alijaliwa sauti. Aliweza kunong'ona mpaka msikilizaji akaangalia chini ya kitanda, aliweza kulia kwa kwikwi, aliweza kuzimia kwa pumzi moja tu ukajua kabisa kwamba ameanguka juu ya zulia la bei kubwa. Kitu kimoja Mungu alimnyima, nacho ni kupiga yowe. Akijaribu, kilichotoka ni mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Na mchezo wa kutisha usio na yowe ni supu isiyo na chumvi, utainywa lakini hutaomba tena.

Hapo ndipo Vinka alipopatia riziki. Siku moja mlango wa treni ulimbana koti, treni ikaanza kuondoka, naye akapiga yowe lililosimamisha treni, polisi wa njia panda na harusi iliyokuwa ikitoka kanisani. Mtu mmoja mrefu akaruka kutoka ndani ya behewa, akamfikia mbio. Hakumuuliza kama ameumia. Alimuuliza kama anaweza kurudia lile lile siku ya Alhamisi. Huyo alikuwa Bwana Lyle Pruett, mwongozaji wa mchezo, na tangu siku hiyo Vinka alisimama begani kwa Bi Marguerite. Wakati ukifika, bibi alifumbua kinywa na Vinka akakijaza.

Sharti lilikuwa moja, nalo lilitoka kwa bibi mwenyewe: asijue mtu. Mwisho wa kila mchezo mtangazaji alisema kwa madaha kwamba aliyeigiza mke alikuwa Bi Marguerite Ashdown, na jina la Vinka halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Sasa, Vinka alikuwa na mama. Jerka Bezmalin alikuwa mjane aliyevaa nyeusi tangu bahari ilipomchukua mumewe, na alifanya kazi katika kiwanda cha jodari wa makopo. Yeye na robo tatu ya watu wa kilimani kwetu San Pedro walitoka kisiwa kimoja, Wakroati watupu, na Kiingereza chake kilitosha kununua vitunguu na kukataa bei. Kila Alhamisi baada ya chakula aliweka kiti mbele ya redio, na si yeye peke yake. Majira ya joto madirisha yote ya kilima yalikuwa wazi, na redio zote zilisema jambo moja. Wasiojua Kiingereza walitafsiriwa na watoto wao. Yowe halikuhitaji tafsiri. Likija, kilima kizima kilishika kifua.

"Huyo Ashdown ana mapafu," Jerka aliwaambia majirani. "Huyo kalelewa na mama mwenye akili."

Kisha binti yake aliingia na treni ya mwisho, sauti imekauka kabisa, akiomba chai ya asali.

Mwanzoni Vinka alisema anafanya kazi redioni, basi. Mama akasikiliza wiki baada ya wiki, asisikie jina. Ikabidi Vinka avunje ahadi na kumweleza ukweli, kwamba lile yowe ni lake. Jerka alicheka mpaka akakaa chini. Yowe ni la Bi Ashdown, alisema, mtangazaji kamtaja kwa jina mbele ya Amerika nzima, na redio inamdanganya nani? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Msichana anayekwenda Hollywood na kurudi usiku sauti imekwama kooni anaimba katika baa, na wanaomsikiliza si watu wa kwenda kanisani.

Kilima nacho kilikuwa na masikio, na ndimi zaidi. Luce, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na desturi ya kuuliza kwa huruma, mbele za watu, Vinka hajambo? Bado anakwenda kule? Jerka akiulizwa hivyo alianza kuzungumzia upepo. Miaka miwili alizungumzia upepo, mpaka siku moja akachoka. Alimwambia binti yake, bila kupaza sauti, kwamba kiwandani nafasi ipo. Kama kazi hiyo ya Hollywood ni kazi, basi Vinka aionyeshe, mama aione kwa macho yake. Kama haionyeshi, Jumatatu avae aproni wakate jodari pamoja. Na kama aproni hataki, mlango upo.

Vinka alilia usiku huo, kimya kimya, jambo gumu kwa mtu wa fani yake. Mlango hakuutaka. Alimpenda mama yake, na aliipenda kazi yake kwa namna ambayo asingeweza kumweleza mtu, maana utasemaje kwamba unapenda kuuawa?

Bahati ikaja kwa mguu wa kushoto. Mdhamini wa New York aliamua kwamba kuanzia Alhamisi hiyo hiyo watu waruhusiwe kukaa studioni na kutazama mchezo, na kila mwigizaji alipewa tiketi mbili. Vinka alizibusu zake. Mama ataona. Lakini Bi Marguerite naye alikuwa amefikiri. Alimwambia Bwana Pruett kwamba siku watu watakapomwona anafumbua kinywa na yowe likitoka kwa msichana wa pembeni, hiyo ndiyo siku atakayopanda treni kurudi Boston.

Studioni palikuwa na kabati kubwa la mbao, limepigiliwa mablanketi ndani, lenye maikrofoni yake na tundu la kupitisha pumzi. Lilitumika kwa sauti za watu waliotumbukia kisimani. Pruett alilitazama, kisha akamtazama Vinka, na Vinka akajua.

"Nitakuwekea taa ndogo nyekundu," Pruett alisema. "Ikiwaka, unakufa."

"Na mama yangu? Amekuja kuniona."

"Atasikia."

"Amesikia miaka miwili, Bwana Pruett. Kusikia ndiko kulikoniponza."

Pruett alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini saa ya ukutani haikujali.

Jerka alifika na kitambaa chake cheusi cha Jumapili na kikapu. Kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Alileta mkate, chupa ya mafuta ya zeituni, tini kavu zilizopangwa juu ya majani ya mbei ya kunukishia chakula, na chumvi ndani ya karatasi. Mali yote hiyo alimletea Bi Ashdown. Alikalishwa safu ya mbele, chini kabisa ya maikrofoni iliyoning'inizwa ili kunasa makofi ya wageni. Akamtafuta binti yake jukwaani kwa macho, wa kwanza mpaka wa mwisho, asimwone. Alifunga mdomo wake kwa namna ambayo kilima kizima kinaifahamu.

Ndani ya kabati Vinka aliweka jicho kwenye tundu, akauona huo mdomo.

Mchezo wa siku hiyo ulikuwa wa mke tajiri, nyumba kando ya ziwa, na mume anayetaka urithi. Mume aliigizwa na Wendell Tibbs, mtu mdogo wa miwani na fulana ya sufi aliyofumiwa na dada yake, ambaye akisogea kwenye maikrofoni alitoa sauti ya shetani mwenyewe. Wageni walitetemeka. Bi Marguerite alinong'ona, akasihi, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ukingoni mwa maji, ambayo yalikuwa beseni la bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuigiza sauti za vitu. Tibbs akanyoosha mikono yake midogo kuelekea shingo ya bibi, iliyovaa mkufu wa lulu.

Taa nyekundu ikawaka.

Vinka alikuwa na hasira siku hiyo, na huzuni, na joto la blanketi, na vyote alivitia humo. Mbao hazikulizuia yowe lake wala mablanketi hayakulipunguza. Watu wote ukumbini walimtazama Bi Marguerite aliyefumbua kinywa, na macho yakayadanganya masikio yao, wakaamini kwamba limetoka pale. Ila Jerka. Jerka alikuwa na tabia ya kufumba macho penye kuogofya. Hakuona kinywa cha mtu. Alisikia tu, na alisikia kwa masikio matupu, bila kile kisanduku cha nyumbani kinachoipunguza sauti ya mtu mpaka ikawa ya mtu mwingine yeyote.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alipofumbua macho hakuangalia jukwaa. Aliangalia kabati.

"Vinka!" aliita, kwa sauti ile ambayo wanawake wetu huwaitia watoto kutoka ufukweni, na kabla mtu hajajua la kufanya alikuwa amepanda jukwaani, amefungua kabati, amemvuta mwanawe nje kwa mkono, akiuliza kwa Kikroati ni mlaaniwa gani amemfungia mtoto wa watu humo. Hakungoja jibu. Aliyekuwa na mikono imenyooshwa tayari kunyonga ni Tibbs, basi akamgeukia Tibbs, akampiga kikapu cha bega, na chupa ya mafuta ilikuwa ndani.

Yote haya, kumbuka, yalikuwa hewani. Kutoka Boston mpaka Georgia watu walisikia yowe, mlango, mwanamke anayelaani kwa lugha ya ajabu, na vishindo. Nyuma ya kioo cha chumba cha mwongozaji Bwana Pruett aliteleza taratibu kutoka kitini. Bi Marguerite alisahau kufunga kinywa. Lakini Wendell Tibbs alikuwa na miaka ishirini ya redio, na mtu wa redio hufa akiwa anasema.

"Mama mkwe," alisema kwa sauti ya muuaji aliyefumaniwa, akijikinga kwa karatasi zake, "ulisema utakuja Jumapili."

Kikapu kikamshukia mara ya pili. Akaguna, akayumba, akajitumbukiza mwenyewe ziwani. Bwana wa beseni alitumia maji yote. Muziki ukapigwa, mtangazaji akasema kwamba aliyeigiza mke alikuwa Bi Marguerite Ashdown, na taa ya hewani ikazimika.

Simu kutoka New York ilifika kabla maji hayajapanguswa. Pruett aliipokea akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliye msibani. Kumbe mdhamini alikuwa anacheka na kupiga meza. Mke wake alikuwa amepiga kelele, mpishi wake alikuwa ameangusha sahani, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kuhakikisha mlango wa mbele umefungwa. Huyo mama mkwe wamempata wapi? Alitaka watu wa magharibi wapewe mama mkwe yule yule, na vipigo vile vile.

Jerka wakati huo alikuwa amekaa kwenye benchi la varandani, ameshika mkono wa Vinka kwa nguvu kana kwamba kabati linaweza kumrudia. Vinka alikuwa amemweleza kila kitu upya, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Miaka miwili umenililia ndani ya lile sanduku la redio," Jerka alisema, "na mimi nimekaa mbele yako nakula karanga. Mama gani mimi?"

"Mama, redio inabadilisha sauti."

"Nilikuwa namsifu yule. Mbele yako." Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akakasirika, maana kwake machozi na hasira hukaa chumba kimoja. "Na Luce nitamwambia nini? Nimwambie binti yangu anafia kabatini? Hata mimi nisingeamini, nami ndiye niliyekuzaa."

Hilo ndilo lililobaki. Vinka alikuwa amempata mama yake. Lakini aliona wazi kwamba mama atarudi kilimani usiku huo na kesho ataulizwa kwa huruma mbele za watu, na kwamba ataanza tena kuzungumzia upepo.

Akaja Tibbs, bega moja limeinama, amebeba vikombe viwili vya kahawa. Aliinama mbele ya Jerka na kumwomba msamaha kwa kutaka kumuua binti yake. Vinka alitafsiri. Jerka alimkagua kuanzia miwani hadi viatu, akaipokea kahawa, akainywa. Kisha akakata mkate, akautilia mafuta na chumvi, akampa. Tibbs alikula vipande vitatu na tini nne, akasema dada yake hajawahi kupika kitu kitamu namna hiyo; mkate wenye mafuta na chumvi si chakula cha kupikwa, lakini Jerka alifurahi.

Pruett alipokuja na ombi la mdhamini, Jerka aliliona zuri, ila alikuwa na la kwake. Atapiga. Lakini anayepiga yowe ni binti yake, basi jina lisomwe la binti yake. Bi Marguerite alikuwa amesimama mlangoni, akasema kwa upole kabisa kwamba jina hilo likisomwa, Pruett ajue kwamba la Ashdown halitasomwa tena kamwe.

Jerka alimwomba Vinka atafsiri swali moja: bibi anaweza kupiga yowe mwenyewe, hapa, kidogo tu? Sijui ni kwa nini bibi alikubali. Labda miaka mingi hakuna mtu aliyemwomba. Alivuta pumzi, akafumba macho, akajaribu, na varandani ikasikika ile bawaba.

Hakuna aliyecheka. Jerka alimpigapiga mkono. "Basi, mwanangu, basi," alisema, akampa tini. Bibi aliila. Lakini hakubadili neno lake.

Bwana Pruett alimwambia Jerka kwamba ndiyo, jina litasomwa. Kisha akamgeukia Bi Marguerite na kutikisa kichwa kidogo kwamba halitasomwa. Vinka aliona vyote viwili. Hakumwambia mama, kwa sababu mama alikuwa ameanza kusimulia jinsi Luce atakavyokabwa na supu yake akisikia.

Mara ya pili ukumbi ulijaa wageni wapya. Jerka alirudishwa kwenye kiti kile kile, chini ya maikrofoni ile ile ya makofi, kikapu mapajani. Aliagizwa mara tatu: ukisikia yowe, inuka, fungua kabati, piga. Nyumbani, kilima kilikuwa kimemaliza chakula na kufungua madirisha. Luce, tulikuja kujua, alikuwa na soksi za mumewe anazitia viraka.

Mchezo ulikwenda. Tibbs alitisha, bibi alirudi nyuma, beseni lilipiga mawimbi. Vinka aliona taa ikiwaka, na kwa sababu sasa hakuwa na la kumthibitishia mtu alipiga yowe zuri kuliko yote ya maisha yake, refu, safi, likipanda ngazi baada ya ngazi. Kisha akangoja mlango ufunguliwe.

Haukufunguliwa.

Aliweka jicho kwenye tundu. Tibbs alikuwa amesimama, bega lisilouma limetangulizwa mbele kupokea kikapu. Pruett alikuwa anapunga mikono nyuma ya kioo kama mtu anayezama. Na Jerka alikuwa amekaa. Safari hii macho yake yalikuwa wazi, mikono imekunjwa juu ya kikapu, uso umejaa raha kama wa mtu anayesikiliza misa ya Krismasi. Yowe lilipoisha, alimgeukia bwana wa kando yake, mkulima wa mahindi kutoka Iowa aliyevaa tai mpya, akamwambia kwa Kikroati, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo imezoea kushindana na mitambo ya kiwanda:

"Huyo ni Vinka wangu. Anayepiga yowe ni Vinka wa Jerka, si huyo mwenye lulu. Huyo mwenye lulu hawezi, maskini, nimemjaribu mwenyewe. Mwanangu wamemtia kabatini kama jibini, lakini ni yeye. Miaka miwili yote ni yeye, na wanaosema vingine wakaoshe midomo."

Maikrofoni ya makofi ilinasa kila neno.

Tibbs alishusha bega. "Majirani wamesikia," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha, "wamesikia wote," na akajitupa ziwani bila kusaidiwa.

Mtangazaji alisoma kwamba aliyeigiza mke alikuwa Bi Marguerite Ashdown. Siri ya bibi ilikuwa salama. Kuanzia Seattle hadi mpaka wa Mexico watu walijikunyata wakijiuliza ni lugha gani ile, na ni pepo wa nani. Mdhamini alipoelezwa aliona ni vizuri zaidi ya vipigo. Katika magharibi yote palikuwa na kilima kimoja tu kilichoelewa, na hapo hakuna aliyehitaji mtoto wa kumtafsiria.

Pruett alimuuliza Jerka, kupitia Vinka, kwa nini hakupiga. Jerka alishangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo.

"Nimpige vipi? Amekula mkate wangu na chumvi yangu. Kwetu ukishakula na mtu humpigi, hata akikuulia mtoto. Huyu hata hamuui sawasawa."

Sitasema kilima kilifanya nini usiku ule waliposhuka kwenye treni, maana kila mtu ana hadithi yake, na kila mtu anadai alikuwa wa kwanza kumkumbatia. Luce mwenyewe anadai alijua tangu zamani. Nitasema kilichoanza Alhamisi iliyofuata. Vinka alikuwa kabatini Hollywood kama kawaida, akafa, mtangazaji akasema kwa madaha kwamba aliyeigiza mke alikuwa Bi Marguerite Ashdown. Na kutoka madirishani, juu mpaka chini ya kilima, wanawake, wazee, mabaharia na bibi wasio na meno wakajibu kwa pamoja: "Vinka!"

Ikawa desturi. Jina la bibi likisomwa, kilima kinasahihisha. Paroko alikemea mara moja, kisha akasikika naye akiitikia kutoka jikoni kwake. Aliyekosa kuisikia ni Vinka peke yake, kwa kuwa wakati wa kuitwa alikuwa mbali, ndani ya mablanketi. Alisimuliwa tu. Alisema haamini, tunamtania.

Kisha majira ya mvua alishikwa na homa ya koo, akashindwa hata kunong'ona. Alhamisi ilimkuta kitandani, shingo imefungwa soksi yenye chumvi ya moto, redio imesogezwa mlangoni ili asikie. Alisikiliza mchezo wake kwa mara ya kwanza kama watu wengine. Jerka alikuwa amefungua dirisha ingawa kulikuwa na baridi. Mauaji yakafika, na Pruett alikuwa amepata msichana mwingine, mwenye sauti nzuri tu, iliyofunzwa. Yowe likapigwa. Mtangazaji akasoma jina la Bi Marguerite Ashdown.

Vinka alijiinua kwenye mto, amekodoa macho kuelekea dirishani, akingoja hatimaye kuitwa.

Kilima hakikusema kitu. Redio zote ziliimba tangazo la kahawa, mvua ikanyesha juu ya mapaa, na hakuna dirisha hata moja lililojibu.

Jerka alizima redio. "Mtoto wa watu kajitahidi," alisema, "lakini si wetu." Kisha akafunga dirisha na kwenda kumpashia binti yake supu, maana Vinka alikuwa amegeukia ukutani analia kwa furaha, na koo lilimuuma.